Kitambulisho Chenye Dini ya Wengine

Mpiga pasi alianza na kola, kama kawaida yake. Kola kwanza, kisha mikono, kisha mgongo. Kwa miaka tisa hakubadilisha mpango huo hata siku moja. Shati likitoka mezani kwake, lilifaa kuvaliwa na bwana harusi.

Chumba cha kufulia kilikuwa na joto la kutosha kuivisha mkate. Nyuma ya ukuta mfupi, Mama Povu alikuwa anasugua mashuka. Mikono yake ilishinda ndani ya povu kuanzia asubuhi, ndiyo maana wakamwita hivyo, naye akaitika. Wanawake hawa wawili walikuwa majirani tangu nchini kwao. Walikimbia siku moja, kwa njia moja.

Siku hiyo redio ilitangaza sheria mpya. Watu wa dini ndogo waliofukuzwa nchi jirani kwa sababu ya imani yao wangeweza kuomba uraia baada ya kukaa miaka mitano tu. Wakimbizi wengine wangesubiri miaka ishirini, kama zamani. Mwisho wa kuomba ulikuwa tarehe thelathini ya mwezi uliofuata.

"Mimi naona ni sawa," alisema tajiri, mwenye duka la dobi. "Hao hawana pa kurudi. Hata nyumba zao za ibada zimechomwa."

"Na wengine je?" aliuliza mpokea nguo. "Kwani risasi inauliza dini?"

"Sheria haiwezi kubeba kila mtu, bibi wee."

"Basi ibebe walioumia wote, bila kuchagua."

Wakabishana hadi mteja akaingia. Mama Povu alikamua shuka lake.

Mpiga pasi aligeuza shati, akaanza mikono. Yeye ni wa dini hiyo ndogo. Pale kazini hakuna aliyelijua hilo isipokuwa Mama Povu. Na kitambulisho chake kilisema vingine.

Mambo yalianza siku ya kusajiliwa, pale mpakani. Mkalimani alikuwa na lafudhi ya watu waliowachomea nyumba. Karani alipouliza dini, mume wa mpiga pasi alimfinya mkono mkewe, akataja dini ya wengi. Walidhani watasahihisha mambo yakitulia. Lakini hofu ikageuka mazoea. Waliacha kusali kwa sauti. Sala chache alizojua binti yao utotoni zikasahaulika. Mwaka wa sita mume akafariki, akazikwa kwa sala za dini iliyoandikwa kwenye kitambulisho. Mpiga pasi alilia sana siku ile. Watu walidhani analilia kifo tu.

Sasa binti alikuwa na miaka kumi na tisa. Alikuwa amefaulu vizuri, na alitaka kusomea uuguzi. Chuo kilichukua raia peke yao.

"Mama," binti alisema jioni hiyo, "kuna mtu sokoni anauza barua. Anaandika kwamba sisi ni wa dini yetu, halafu anagonga muhuri."

"Muhuri wa nani?"

"Sijui. Muhuri tu, mama. Wa duara."

Mpiga pasi alitaka kucheka, akashindwa.

Kesho yake alikuja msaidizi wa sheria kuchukua koti lake. Mama huyu alifanya kazi katika ofisi inayowasaidia watu bure mambo ya sheria. Mpiga pasi alipiga moyo konde.

"Dada, nina neno. Siku ya kusajiliwa tulidanganya dini yetu."

"Kwa nini?"

"Tuliogopa."

"Basi sema hivyo hivyo. Usipambe."

"Hawatanifunga?"

"Ukienda mwenyewe kusahihisha, watakusikiliza. Lakini ukipeleka barua ya kununua, utakuwa umeongeza uongo wa pili. Wakiugundua, maombi yenu yanatupwa."

"Binti yangu ameshaanza kuuliza bei."

"Mwambie aache leo hii. Njoo ofisini tuandike hati ya kiapo. Humo utaeleza mlisema nini, na kwa nini. Utaapa mbele ya kamishna wa viapo. Kisha tutaipeleka ofisi ya usajili, wakurekebishie kumbukumbu. Hapo ndipo utaomba uraia. Na binti ajaze fomu yake mwenyewe. Mtu mzima haombewi. Mbaki na nakala ya kila karatasi."

"Nimeelewa."

"Bado jambo moja. Anatakiwa shahidi. Mtu aliyewajua kule, anayejua mlikuwa mnasali wapi."

Mpiga pasi akainamisha kichwa. Walikuwa wamejificha vizuri mno. Nani angewashuhudia?

Nyuma ya ukuta maji yakatulia. Mama Povu alitokeza, anajifuta mikono kwenye aproni.

"Mimi niliwajua," alisema.

Siku ya tatu wakawa mbele ya kamishna. Mama Povu alieleza, naye kamishna akaandika. Alisema walikuwa majirani miaka kumi na minne. Alisema aliiona nyumba yao ya ibada ikiungua. Alisema aliwaficha siku tatu kwenye ghala lake la mahindi, wenzake wakagundua, wakaichoma nyumba yake pia. Mwanawe wa kiume alikuwa ndani.

Kamishna aliacha kuandika kidogo.

"Pole, mama. Wewe ni wa dini gani?"

"Ya wale waliochoma."

"Na wewe huombi kwa sheria hii mpya?"

"Sheria inamtaka aliyefukuzwa kwa dini yake, baba. Mimi nilifukuzwa kwa dini ya jirani yangu."

Mpiga pasi alianza kulia. "Dada, nisamehe."

"Nikusamehe nini? Weka saini, mashuka yanatungoja."

Kumbukumbu zilirekebishwa baada ya wiki tatu. Mama na binti wakapeleka fomu zao zikiwa zimebaki siku mbili. Baada ya miezi minane waliitwa kula kiapo, wakapewa hati za uraia. Binti akapokelewa chuoni. Jioni ya siku ile mpiga pasi alianza kumfundisha upya sala ya kwanza. Binti aliikosea, wakarudia, akaikosea tena.

Msaidizi wa sheria aliwaambia kwamba bunge linapokea maoni juu ya sheria ile, na kwamba raia yeyote anaweza kuandika. Mpiga pasi aliandika kurasa mbili juu ya Mama Povu. Alijibiwa kwamba barua yake imepokelewa. Hakusikia zaidi.

Mwezi wa saba ukafika, mwezi wa wakimbizi kuhuisha vitambulisho. Kila mwaka wawili hao walikwenda pamoja alfajiri na kupanga foleni. Mwaka huu pia mpiga pasi aliamka mapema, akampitia mwenzake, wakaenda. Walikuwa wanacheka walipofika kwenye kamba iliyotenga foleni.

Mlinzi aliangalia karatasi zao.

"Wewe mama ni raia," alimwambia mpiga pasi. "Foleni hii si yako. Pita huku nje."

"Nimemsindikiza dada yangu."

"Msindikize ukiwa huku."

Basi akapita chini ya kamba. Mama Povu alikuwa na miaka sitini na mmoja, na miaka kumi mbele yake ya kusubiri. Kila foleni iliposogea hatua moja, mpiga pasi naye alisogea hatua moja, upande wake wa kamba, hadi dirishani.