Tamthilia Ambayo Elinipa Hakuitazama

Kila Jumatatu asubuhi, kabla ya kengele ya mstarini, wanafunzi wa darasa la sita walifagia haraka, wakaegesha mafagio ukutani, kisha wakamzunguka Elinipa barazani. Walitaka kujua tamthilia gani mpya inafaa kutazamwa.

Elinipa alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu. Baba yake, ambaye ni afisa afya, alikuwa amehamishiwa Kigoma kutoka Same, na familia ilipanga nyumba Ujiji. Walikuwa na televisheni na king'amuzi. Wenzake wengi hawakuwa na televisheni nyumbani. Wao walitegemea banda la video la Mzee Selestini, ambaye aliwaruhusu watoto kuingia Jumapili jioni tu, kwa kipindi kimoja watakachokubaliana. Wakichagua vibaya, wanasubiri wiki nzima.

"Ile ya mpelelezi achaneni nayo," Elinipa aliwaambia siku moja. "Mpelelezi gani hamuulizi mtu hata swali? Anavaa miwani, anaingia ndani, anamkamata mwizi. Amejuaje?"

"Na ile ya tajiri?" aliuliza Dismasi, mvulana mcheshi kuliko wote darasani.

"Nyumba ya tajiri na nyumba ya maskini zina mapazia yale yale. Nimeyatambua kwa tundu lililo pembeni. Ila yule bibi anaigiza vizuri sana. Mtazameni bibi, wengine wapuuzeni."

Watoto walicheka. Lakini Jumapili walipotazama, waliliona lile tundu kwenye pazia, na waliona kwamba bibi aliigiza vizuri kweli. Ndiyo maana walimwamini.

Mwalimu Vedasto, aliyewafundisha Kiswahili, alimsikia siku moja akiwa dirishani. Alipenda namna msichana huyo alivyotoa sababu kwa kila alichosema. Akampa nafasi ya kuzungumza mstarini kila Ijumaa, mbele ya shule nzima. Tangu hapo hata wanafunzi wa darasa la saba walianza kumsalimia njiani, na Elinipa alianza kutembea polepole ili wapate muda wa kumsalimia.

Huo ulikuwa mwaka uliofuata baada ya wakimbizi wengi kutoka Burundi kumiminika Kagunga, kijiji cha wavuvi karibu na mpaka. Watu wa Kigoma waliwaona wakishushwa melini na magodoro, sufuria na watoto, kabla ya kupelekwa kambini. Sasa kikundi cha waigizaji wa Kigoma kilikuwa kimetengeneza tamthilia kuhusu siku zile, iitwayo Walioshuka Kagunga. Ingeanza kuonyeshwa Jumatano, baada ya taarifa ya habari, na kurudiwa Jumapili jioni. Shuleni hapakuwa na mazungumzo mengine.

Jumatano hiyo baba na mama walikwenda msibani, wakamwacha Elinipa nyumbani na dada wa kazi. Alikaa mbele ya televisheni tayari kutazama. Tamthilia ilianza na mama mmoja ufukweni akifua shati dogo. Alifua. Akasuuza. Akafua tena. Hakusema neno. Elinipa alisubiri, akapiga miayo, akachukua rimoti. Kwenye kituo kingine kulikuwa na tamthilia ya kigeni aliyokuwa akiifuatilia, na usiku huo bibi harusi alikuwa karibu kutoroka. Alijiambia atatazama kidogo tu, halafu arudi Kagunga. Hakurudi.

Ijumaa, Mwalimu Vedasto alimwita mbele na kumpa kipaza sauti. Elinipa aliangalia zile safu za nyuso zinazomngoja. Angeweza kusema, "Sikuitazama." Maneno hayo yalimfikia mdomoni. Lakini aliona yangemshusha, na tayari kila mtu alikuwa kimya akimsikiliza.

"Msipoteze Jumapili yenu," alisema. "Ni kulia mwanzo mwisho. Yule mama analia kama honi ya meli inayoingia bandarini. Nilipaswa kumhurumia, nikajikuta nacheka."

Akaigiza hicho kilio. Shule nzima ikaangua kicheko. Dismasi naye akakirudia kwa sauti kubwa zaidi, na kicheko kikaongezeka. Wanafunzi wachache sana walikuwa wameitazama tamthilia hiyo usiku ule, na hao wachache hawakutaka kubishana na mtu mwenye kipaza sauti.

Katika safu ya darasa la sita kulikuwa na msichana mpole aitwaye Mapendo, ambaye ukoo wao ulitoka Kongo, ng'ambo ya ziwa. Mapendo hakucheka. Alikuwa ameinamisha kichwa, akitazama viatu vyake. Elinipa alimwona, lakini hakujiuliza kwa nini.

Kesho yake Elinipa alifuatana na mama yake sokoni kununua migebuka. Walipokaribia meza za samaki, alisikia sauti anayoifahamu, ile ya honi ya meli. Dismasi na wavulana wengine wawili walikuwa wakipita mbele ya mama mmoja muuza samaki, wakilia kwa sauti na kushika mashavu. Kisha wakakimbia wakicheka.

Mama yule alikuwa ndiye yule aliyekuwa akifua shati kwenye televisheni, na sokoni kila mtu alikuwa amekwisha kumtambua. Pembeni yake, akipanga dagaa katika mafungu, alikuwa Mapendo.

Elinipa alitamani kurudi alikotoka, lakini mama yake alikuwa amekwisha kufika mezani. "Habari za asubuhi, mama? Hawa migebuka ni wa leo?"

"Ni wa leo, karibu," alijibu Mama Mapendo. Kiswahili chake kilikuwa na lafudhi ya ng'ambo.

"Shikamoo," Elinipa alisema akitazama samaki.

"Marahaba."

Mapendo alimnong'oneza mama yake. Mama Mapendo akamtazama Elinipa kwa makini, bila hasira.

"Kumbe ndiye wewe," alisema. "Naambiwa unazijua sana tamthilia. Mimi ni mara yangu ya kwanza kuigiza, sijafundishwa popote. Jumanne tunarekodi sehemu nyingine, nami nataka nirekebishe. Hebu niambie, mwanangu, ni wapi nililia kupita kiasi?"

Elinipa alihisi masikio yakimwaka. Mama Mapendo hakuwa akimsuta. Alikuwa akiuliza kweli, kama mwanafunzi anavyomuuliza mwalimu, huku kisu cha kuparia samaki kikiwa kimesimama mkononi akingoja jibu.

"Pale... mwanzoni," Elinipa alisema. "Ufukweni."

"Pale kwenye kufua?"

"Ndiyo."

Mama Mapendo alifikiri. "Pale nilikuwa nafua tu," alisema taratibu. "Labda uso wangu ulilia bila mimi kujua. Kama watoto wa shule nzima wameona hivyo, basi sikufaa. Nitawaambia viongozi wa kikundi wamtafute mtu mwingine."

Akawafunga samaki, akaongeza mmoja mdogo juu, akamkabidhi Elinipa. Mapendo hakuinua macho kutoka kwenye dagaa.

Njiani mama yake alimuuliza mambo yale yalihusu nini. Elinipa alijibu kwamba ni mambo ya shule tu. Mchana ule hakuweza kula wale samaki.

Jumapili jioni watoto walikwenda banda la Mzee Selestini kutazama kipindi kingine, kama Elinipa alivyowashauri. Yeye alibaki nyumbani. Marudio ya Walioshuka Kagunga yalipoanza, alikaa sakafuni karibu na miguu ya baba yake, na safari hii hakushika rimoti.

Mama yule alifua shati, akasuuza, akafua tena. Kisha akalianika juu ya kamba ya mtumbwi. Ofisa alipita na kipaza sauti akiwataka watu wapange foleni ya kupanda meli. Majirani walimwita. Akawajibu, "Tangulieni. Nasubiri shati likauke." Ndipo mtazamaji alipoelewa kwamba mtoto mwenye shati hakuwepo tena, kwamba maradhi yalikuwa yamemchukua palepale ufukweni. Watu walipungua, jua likashuka, na yule mama aliendelea kuligusa lile shati kwa vidole kuona kama bado lina unyevu. Mwishowe alilikunja likiwa bado bichi, akaliweka kifuani, akapanda melini.

Hakulia hata mara moja.

Elinipa alisubiri hadi majina ya waigizaji yalipoanza kupita. Alitumaini kwamba labda kilio kingekuja mwishoni. Hakikuja. Alipogeuka, baba yake alikuwa amevua miwani.

"Nilikuwepo Kagunga siku zile," baba alisema. "Tulikuwa tukigawa dawa na maji safi. Ndivyo walivyokuwa, kimya. Huyu mama amejuaje?"

Hapo Elinipa alishindwa kujizuia. Alieleza kila kitu: rimoti, bibi harusi, honi ya meli, swali la Mama Mapendo na uongo wa pili aliomwambia usoni. Alizungumza akiwa ameinama, na kila sentensi ilikuwa nzito kuliko iliyotangulia. Mama yake aliweka mikono kichwani. Baba alivaa tena miwani yake.

"Kesho kutwa ndiyo wanarekodi?" aliuliza.

"Ndiyo, baba."

"Vaa viatu."

Nyumba ya kina Mapendo ilikuwa karibu na ziwa. Mama Mapendo aliwakaribisha ndani, akampa baba kiti na kumwambia Mapendo alete maji ya kunywa. Elinipa hakukaa. Alipiga magoti sakafuni.

"Mama, naomba unisamehe," alisema. "Siku ile sikuitazama tamthilia yako. Niliona mwanzo tu, nikahamisha. Sikujua kama ulilia au hukulia. Nilisema uongo shuleni, na sokoni nikakudanganya tena. Leo nimeitazama yote."

Mapendo alisimama mlangoni na kikombe mkononi.

"Mimi nilijua," Mapendo alisema. "Nilijua siku ileile. Nilirudi nyumbani nikamwambia mama hukuitazama. Mama akasema haiwezekani, mtoto hawezi kusimama mbele ya walimu na kuzungumzia kitu ambacho hajakiona."

Maneno hayo yalimuumiza Elinipa kuliko ambavyo fimbo ingemuumiza. Machozi yalimtoka, lakini aliona aibu hata kuyafuta.

"Inuka, mwanangu," Mama Mapendo alisema. "Nitakueleza jambo. Tulipovuka ziwa kukimbia vita kule Kongo, nilikuwa mdogo kuliko wewe. Ndugu yangu hakufika. Mama yangu hakulia. Alikuwa na watoto wengine wa kubeba, na mizigo, na njaa. Alilia baada ya miaka, siku moja tu, akiwa anapika. Viongozi wa kikundi walinitaka nilie pale ufukweni. Niliwakatalia. Niliwaambia, niacheni nifanye kama mama alivyofanya. Sasa uliposema kwamba nililia vibaya, niliona nimemwaibisha mama yangu."

Baba yake Elinipa ndiye aliyejibu. "Mama, mimi nilikuwepo Kagunga. Ulichokionyesha ni kweli. Tafadhali usiiache kazi hiyo."

Mama Mapendo alitazama mikono yake. "Nitakwenda Jumanne," alisema hatimaye. "Lakini watoto wa shule wanajua habari nyingine."

"Nitawaambia kesho," Elinipa alisema.

Jumatatu aliomba kipaza sauti kwa Mwalimu Vedasto na kumweleza sababu. Mwalimu alimpa. Wanafunzi walianza kutabasamu, wakijua watachekeshwa.

"Ijumaa niliwadanganya," alisema. "Walioshuka Kagunga sikuitazama. Yule mama hakulia hata kidogo. Nilibuni kile kilio ili mnisikilize. Mama yule anaishi hapa Ujiji, na baadhi yetu walikwenda kumcheka sokoni kwa sababu yangu. Naomba mnisamehe, na Mapendo anisamehe."

Hakuna aliyecheka. Mtu mmoja katika safu za nyuma alisema, "Kumbe hata zile nyingine alibuni." Elinipa alisikia, wala hakuweza kujitetea. Mapazia na mpelelezi aliviona kweli kwa macho yake, lakini sasa nani angemsadiki? Dismasi aliinamisha kichwa. Mchana huo alionekana akienda upande wa soko peke yake.

Mwalimu Vedasto alimwondoa kwenye nafasi ya Ijumaa hadi mwisho wa muhula. Asubuhi za Jumatatu baraza ilikuwa tupu, na Elinipa alifagia hadi mwisho bila mtu wa kumkatiza. Lakini Jumapili iliyofuata watoto wengi walikwenda kwa Mzee Selestini kutazama sehemu ya pili. Mapendo alikuwa amekaa mbele. Alipomwona Elinipa akisita mlangoni, alisogea kidogo kwenye benchi.

Muhula mpya ulipoanza, Mwalimu Vedasto alimwita ofisini. Mama Mapendo alikuwa pale, amekuja kulipia daftari za mwanawe.

"Mama huyu ana swali kwako," mwalimu alisema.

"Umezitazama sehemu zote?" aliuliza Mama Mapendo.

"Zote, mama. Mbili nilizirudia."

"Basi niambie ukweli. Zinafaa?"

"Sehemu ya pili ni nzuri. Ya tatu..." Alisita. "Ile dhoruba ya ziwani haikunishawishi. Mtumbwi unaonekana umefungwa ufukweni, na nguo zenu ni kavu. Na wewe pale ulipiga kelele nyingi, mama."

Mama Mapendo alicheka hadi akashika meza. "Hata mimi niliwaambia watumwagie maji," alisema.

Mwalimu Vedasto alitabasamu, kisha akamgeukia Elinipa.

"Umeona?" alisema. "Umemwambia amekosea, na hakuumia. Mtu aliyefanya kazi anaweza kuvumilia kuambiwa haikuwa nzuri, mradi anayemwambia ameitazama. Ukitoa maoni juu ya kitu ambacho hukukiona, hayo si maoni tena, ni uongo, na daima kuna mtu anayeumia. Na siku ambayo hujui, sema sijui. Utaona aibu kidogo, nayo itapita. Ijumaa njoo uchukue kipaza sauti."