Nafasi Saba Tupu

Ford nyekundu ilikuwa nyuma yake tangu Lewistown.

Nola Sande akapunguza mwendo. Nayo ikapunguza. Akaongeza. Nayo ikaongeza.

"Dubu, nina mkia," alisema kwenye redio.

"Ukate, Chiriku," sauti ya mkuu wake wa upelelezi ikajibu kutoka Helena, mji mkuu wa jimbo. "Wanapiga kura saa tano. Zikikosekana hizo karatasi, tumekwisha."

Karatasi zilikuwa kifuani mwake, ndani ya koti, jirani na bastola yake ya Glock.

Kamati ya Bunge la Montana ilikuwa ikichunguza jinsi fedha za afya zinavyogawanywa. Kila kaunti ilipelekewa maswali. Kaunti saba ndogo zilijibu, majibu yakayeyuka njiani. Sasa kwenye jedwali la kamati palikuwa na nafasi saba tupu, na nafasi tupu ilisomwa hivi: hapa hawana shida.

Kampuni ya kigeni iitwayo Halvex ilizipenda sana nafasi hizo. Ilitaka kuuza mashine za kutibu watu kwa simu mahali pa wauguzi.

Ila Bernice Kolstad, muuguzi pekee wa Kaunti ya Garfield, ndiye aliyeyakusanya majibu hayo, na alibaki na nakala zote saba. Alimkabidhi Nola alfajiri, mjini Jordan.

"Mwanangu, wakipitisha hivyo nafungiwa mlango," alimwambia. "Na bunge letu hukaa mara moja kwa miaka miwili. Miaka miwili watoto wafuate chanjo maili themanini? Kwenye theluji?"

Nola akakata kona kwenye njia ya shamba, akajificha nyuma ya ghala la ngano. Ford ikapita kama mshale.

Akahesabu hadi thelathini. Akatoka.

Saa nne na dakika arobaini aliegesha nyuma ya jengo la bunge.

Mwanamume alikuwa akimngoja.

Kofia pana. Buti safi mno.

"Dada, pole na safari! Naitwa Garrick. Mimi ni wa bodi ya afya, Garfield. Bernice kaniagiza nizipokee. Lete, wewe kapumzike."

Alijuaje kwamba kuna cha kupokea?

Nola akatazama gari lake. Dodge nyeupe. Namba ilianza na nne. Montana, hata mtoto anasoma kaunti ya mtu kwenye namba ya gari. Nne ni Kaunti ya Missoula. Garfield ni hamsini.

"Gari zuri," alisema.

"La shemeji."

"Unakaa wapi pale Jordan? Kabla ya taa za kuongozea magari, au baada?"

"Baada kidogo. Ukivuka tu, mkono wa kushoto."

"Jordan haina taa hata moja, kaka."

Tabasamu likamkauka. Mkono wake ukaenda kiunoni, ukatoka na bastola ya umeme.

Nola aliupiga teke mlango wa Dodge uliokuwa wazi. Ukamgonga kiwiko. Bastola ikaanguka. Ngumi moja ya shingo, akaangukia kiti cha Dodge.

Pingu zikalia mara mbili.

Saa tano kasoro dakika mbili alisukuma mlango wa ukumbi.

Watu wote wakageuka. Mstari wa nyuma, mwenye tai ya kijivu aliacha kutafuna. Halvex, bila shaka. Na yule karani wa kamati mbona anatoka jasho na kiyoyozi kinavuma? Nola hakumwamini mtu humo ndani.

Akaziweka karatasi mbele ya mwenyekiti, Seneta Orville Tranter.

"Majibu ya kaunti saba, Mheshimiwa."

"Muda wa kupokea umepita!" karani akadakia.

"Nitajuaje kama si za kughushi?" Tranter akauliza.

"Muulize aliyezitunza. Kanuni zenu zinamruhusu mwananchi kutoa maoni kwa simu."

Tranter akawageukia wasaidizi wake. "Mpigieni."

Simu ikaita mara tano. Mwenye tai akatabasamu.

Mara ya sita ikapokelewa. Kilio cha mtoto kikajaa ukumbi.

"Shika mguu huo, baba yake, usiogope! Haloo?"

"Jina lako, herufi kwa herufi, na unamwakilisha nani," Tranter akasema, kama wanavyoambiwa wote.

"Bernice Kolstad. K, O, L, S, T, A, D. Namwakilisha huyu anayenipigia kelele sikioni. Ana miezi minne. Nimemchoma sindano sasa hivi, na maswali yenu nilijibu mwezi wa tano, ukurasa wa kwanza una doa la kahawa yangu. Mmelipata?"

Tranter akafunua. Doa lilikuwepo.

Kicheko kikapita ukumbini. Karani hakucheka.

"Jazeni nafasi hizo," Tranter akasema. "Zote saba. Karani usitoke, una maswali ya kujibu. Wanaotaka wauguzi wabaki?"

Mikono minane juu. Miwili chini.

Mwenye tai alifunga mkoba wake, akakuta askari wawili wa Dubu mlangoni.

"Na wewe, mama?" Tranter akamgeukia mgeni wake. "Jina lako kwa ajili ya kumbukumbu?"

Pale aliposimama palikuwa patupu.

Nje jua lilikuwa kali kwenye ngazi za mawe. Redio ikakoroma.

"Chiriku, hali?"

"Jedwali limejaa."

"Na yule wa maegesho?"

"Anakungoja. Nimemfunga kwenye usukani wa shemeji yake."

Nola akavaa miwani ya jua, akashuka ngazi taratibu kwenda kutafuta kifungua kinywa.