Pishi ya Shayiri Mlangoni pa Chumba cha Nane

Daktari Tyra alinikuta nimening'inia darini kama mbuzi buchani. Nilijifunga mikanda ya kunyanyulia farasi asiyeweza kusimama, niwaonyeshe mafundi kwamba winchi niliyoichora inafanya kazi. Kupanda ilinipandisha; kushuka ikagoma. Nimechora wodi za wagonjwa mahututi kutoka Riga hadi Lisbon, lakini ya farasi, hii ya hapa Jutland, ndiyo ya kwanza.

"Troels, punda wanapokelewa mlango wa nyuma," alisema.

Mafundi wakaangua kicheko. Nami nikacheka, mpaka niliposikia kwato ukumbini. Ko, ko, ko. Kimya. Ko, ko, ko. Kimya.

Miguu mitatu. Na sakafu ile niliitandika mpira mnene. Juu yake farasi hasikiki.

Mgonjwa alikuwa mmoja tu: Svane, farasi jike wa Tyra mwenyewe, amelala chumba cha nane siku ya pili kwa msokoto wa tumbo.

Aksel, mwashi mzee, alinishusha kwa ngazi.

"Nilikwambia, mwanangu, usikisogeze chumba cha nane hadi ukuta wa makaburi kwa kutafuta jua," alinong'ona. "Wazee walizika farasi hai makaburini pale kabla ya kumzika mtu wa kwanza. Hutembea kwa miguu mitatu. Akitembea, anafuata roho."

Ilikuwa saa sita mchana, jua la Juni limejaa madirishani, lakini kila hatua tuliyopiga baridi ilitupanda kutoka nyayoni, na harufu ya udongo wa kaburi ikatujaa puani, na zile kwato zikatutangulia, tatu na kimya, tatu na kimya, mpaka zikasimama mlangoni pa Svane, naye akafumbua macho, akatazama pasipo kitu, akaanza kuhema kama anayeitwa.

"Mama alipopona homa," Aksel alisema, "alisema amempa Mauti pishi ya shayiri ya farasi wake, wakaenda zao. Tulidhani ni msemo tu."

Tyra, aliyekuwa ametufuata, alifungua pipa la chakula. Alichota shayiri akaimwaga mlangoni. Tukasikia meno yakitafuna. Punje zikapungua mbele ya macho yetu, hadi ya mwisho.

Svane akainuka, akajikung'uta, akaangusha mavi: tumbo lilikuwa limefunguka. Tyra akayalilia kwa furaha kama dhahabu.

"Kaondoka?" niliuliza.

Pumzi ya baridi ikanigusa kisogoni.

"Aliyelishwa hurudi," Aksel alisema.

"Akirudi atakaa wapi? Jengo lina vyumba vinane tu, na vyote ni vya wagonjwa!"

Tyra alinitupia kalamu. "Chora cha tisa."