Bara la Tajudini

Kila asubuhi Tajudini alifagia gereji ya baba yake mtaani Buyenzi, kisha akakimbilia shule. Siku hiyo Madamu Léoncie aliwafundisha neno bara: eneo kubwa sana la ardhi lenye nchi nyingi ndani yake, kama Afrika. Neno likamkolea Tajudini, maana yeye kwa kupenda ukubwa hajambo.

Mapumziko yalipofika, alichora mstari mchangani kwa kisigino, bomba la maji likabaki upande wake.

"Huku ni bara yetu! Mutu wa Kamenge asivuke!"

Wa mtaa huo wa Kamenge alikuwa mmoja tu, Audace, aliyekimbilia Buyenzi pamoja na mama yake wiki ile kwa sababu ya vita.

"Mi nataka maji tu," alisema.

"Apana! Kwenu kunawaka, unatuletea moto hapa? Rudi kwenu!"

Wenzake wakacheka, mmoja akamrushia jiwe. Jamani, na jua la Bujumbura lilivyo! Audace akazunguka nyuma ya vyoo, akainama, akanywa maji machafu ya mfereji. Tajudini alimwona, akanyamaza.

Kesho yake Audace hakuja. Madamu aliingia amefura.

"Audace yuko hospitali, anahara na kutapika, hali yake mbaya. Amekunywa maji ya mfereji, na bomba tunalo. Nani alimzuia? Yeye amekataa kutaja mtu."

Wenzake walimkazia Tajudini macho, athubutu aseme! Tajudini akasimama. Je, Audace akifa?

"Ni mi, Madamu. Nilichora mstari, nikasema ni bara yetu, asivuke. Nilimwona akinywa, nikanyamaza."

"Msaliti!" sauti ikanong'ona nyuma.

"Nyamaza wewe!" Madamu alifoka. "Tajudini, akirudi, wewe ndiye utakayempa maji."

Audace alirudi amekonda vibaya. Tajudini alimpokea langoni na kikombe cha maji yaliyochemshwa. Audace hakukigusa.

"Kunywa we kwanza," alisema.

Tajudini aliona aibu, akanywa. Ndipo Audace naye akanywa, bila asante.

Madamu aliwapeleka wote kwenye mabaki ya ule mstari, akayafuta kwa kiatu.

"Bara linabeba nchi nyingi na watu wake wote, wanaopatana na wasiopatana. Ukilitumia neno hilo kumnyima mwenzako maji, hujalielewa. Na maji machafu yanaua, hayaulizi mtu ametoka mtaa gani. Haya, pangeni foleni bombani. Audace, tangulia."