Hodi Kwenye Hita

Mume wa dada yangu tulimwita Bisibisi, na yeye mwenyewe aliitika. Alikuwa mwembamba na mrefu, na hukumkuta hata siku moja bila bisibisi mfukoni. Kazi yake ilikuwa kutengeneza hita za maji na pampu. Karakana ilikuwa uani, na mimi nilikaa mbele kwenye kaunta nikiuza vipuri. Tulitaniana kutwa nzima, kama ilivyo kwa shemeji na shemeji. Nilikuwa nikimwambia kwamba dada yangu hakuolewa na mtu, aliolewa na mlingoti. Naye alinijibu kuwa mlingoti hauombi chakula cha pili, tofauti na watu fulani wa ukoo wetu.

Jumatatu ile ilianza vizuri. Nilifagia mbele ya duka, nikanyunyizia vumbi maji, nikachemsha chai. Kwenye saa tatu asubuhi likaingia uani gari-nyumba, basi dogo lililong'olewa viti likatiwa kitanda, jiko, sinki na bafu la kumtosha mtu mmoja aliyesimama. Wenyewe walikuwa wazee wawili, mume na mke. Mume alikuwa dereva wa malori aliyestaafu, mke alikuwa mkunga, naye kastaafu. Walikuwa wamelinunua mkononi mwa mtu miezi miwili nyuma, ili wawe wanawatembelea watoto wao bila kumbana mtu sebuleni kwake.

"Hita yetu ina kelele," Dereva alimwambia Bisibisi. "Maji inachemsha vizuri tu. Lakini hizo kelele, fundi, hatulali."

"Kelele za namna gani, mzee wangu?"

"Mwanzo zilikuwa kama mchanga unaokaangwa. Siku hizi inagonga."

Bisibisi alicheka. "Hiyo ni chokaa, mzee. Inaganda kwenye koili, maji yanachemkia chini yake, yanahangaika kutoka. Kunywa chai, leo hii mnaondoka."

Na chokaa kweli ilikuwemo. Alizima umeme, akamwaga maji, akafungua koili. Ilikuwa imevaa ganda jeupe nene, likidondoka vipande vipande kama maganda ya mayai. Aliwaonyesha wale wazee, wakatikisa vichwa. Akafunga koili mpya na washa mpya, zile pete za raba za kuzuia maji yasivuje, akajaza tangi, akavuta waya wa umeme kutoka dukani kwangu. Baada ya nusu saa maji yalikuwa ya moto na hita imetulia tuli. Dereva akaagiza chai ya pili.

Ngo, ngo, ngo.

Bisibisi aliweka kikombe chini. Alirudi ndani akakaza boliti zinazoshika tangi ukutani, akaweka raba chini yake lisitetemeke. Kimya. Kisha ngo, ngo, ngo. Akabadilisha valvu ya kupunguza presha. Ngo, ngo, ngo. Akazima swichi. Ikagonga. Akachomoa waya kabisa kwenye soketi, akaja nao mkononi kama mtu aliyekamata nyoka, akasimama mlangoni akisikiliza. Ikagonga. Akamwaga maji yote mpaka tone la mwisho.

Ikagonga mara tatu. Ikanyamaza kwa muda ule ambao mtu husubiri kuitikiwa. Ikagonga tena mara tatu.

"Kitu hakina moto, hakina maji," alisema, safari hii bila kucheka. "Sasa kinagonga kwa kutumia nini?"

Alisema atalitoa tangi zima nje. Huo ndio uliokuwa ubishi wake. Kifaa hakikuwahi kumshinda, na hakutaka kianze kumshinda mbele ya wazee.

Wakati anafungua mabomba, yule Mkunga alikuja kwenye kaunta yangu. Aliulizia washa, lakini hakuziangalia nilipozitandaza mbele yake. Aliinamisha kichwa karibu na changu.

"Mwanangu, huyo fundi ni nani wako?"

"Shemeji yangu."

"Basi mwambie wewe. Mimi mume wangu ameshanikataza, anasema nitamwaibisha kwa watu. Mwambie asiitikie."

"Asiitikie nini, mama?"

"Mimi nimezalisha miaka thelathini na moja. Watu wamegonga mlango wangu saa zote. Najua mtu anayegonga ili afunguliwe, na najua anayegonga ili aambiwe karibu." Alishika ukingo wa kaunta. "Aliyetuuzia gari hakutuambia mengi. Alisema, mkisikia linagonga, endeleeni na mazungumzo yenu. Mzee akadhani anasema habari ya hita."

Nilitaka kucheka, lakini macho yake hayakunipa nafasi. Nikamwambia sawa, nitamwambia. Nakumbuka vizuri nilivyosema, kwa sababu wakati huohuo aliingia mteja na pampu begani, akitaka feni yake ya ndani, na haraka zake zilikuwa kama za mtu anayezima moto. Nikamtafutia feni. Nikamfungia kwenye karatasi. Ilinichukua dakika tano, labda sita.

Kisha nikatoka kwenda uani.

Jua lilikuwa utosini. Tangi la hita lilikuwa limelazwa chini, nje kabisa ya gari, mabomba yake wazi. Mlango wa gari ulikuwa umefunguliwa na kuzuiwa kwa kipande cha waya usijirudishe. Nilimwona Bisibisi kwa ndani, amepiga magoti, amenipa mgongo, kichwa kimo ndani ya kabati tupu lilipotoka tangi. Alikuwa na tochi mdomoni. Mkunga alikuwa nyuma yangu. Nilikuwa nimebakiza hatua kumi.

Ngo, ngo, ngo.

Haikutoka kwenye tangi. Haikutoka kwenye kabati. Ilitoka kwenye ule mlango uliokuwa wazi, ambao hakuna mtu aliyesimama mbele yake.

Bisibisi hakugeuka. Alitoa tochi mdomoni na kusema, kama mimi na wewe tunavyosema mara ishirini kwa siku bila kufikiri.

"Karibu."

Gari likainama. Ngazi ya mlangoni ilishuka, springi zikalia, upande mzima ukalala kama unavyolala mtu mzito anapopanda. Kisha likajinyoosha taratibu, uzito ukahamia ndani. Vikombe juu ya sinki vikagongana kidogo. Vikatulia.

Mkunga alinishika mkono. Vidole vyake vilikuwa baridi katika jua lile.

"Nani amesema karibu?" alininong'oneza. "Ni wewe au ni yeye?"

Nikamwonyesha Bisibisi kwa kidole. Bisibisi alitoka akijifuta mikono kwenye suruali, ametabasamu. "Imeacha," alisema. Alikanyaga ngazi, akashuka, na gari likainuka kidogo kama kawaida.

Halafu likainuka tena.

Alirudishia tangi, akalijaza, akawasha. Walikaa wakisikiliza zaidi ya saa nzima. Hita ilikuwa kimya kama jiwe. Dereva alimpa mkono kwa furaha, akamwambia hajawahi kuona fundi kama yeye. Mkunga alipanda gari bila kutuaga. Alipofika dirishani alinitazama, akasema polepole, "Nisamehe, mwanangu. Sisi tumepona." Wakaondoka kabla ya saa kumi.

Jioni ile pikipiki ya Bisibisi ilikuwa imekaa vibaya, tairi la nyuma limelala chini. Alilijaza upepo mara mbili na bado likalala. Jirani mmoja alimpigia kelele barabarani akimuuliza amempakia nani. Akadhani ni utani.

Ndani ya wiki hiyo mguu wa kochi ulivunjika akiwa amekaa peke yake. Dada alicheka, akasema mlingoti umeanza kunenepa. Lakini Bisibisi hakuwa ananenepa. Mashavu yalikuwa yanaingia ndani, mkanda unahama tundu hadi tundu, na alitembea ameinama mbele. Nilipomuuliza anaumwa wapi, alifikiri sana.

"Siumwi," aliniambia. "Nahisi kama nimembeba mtoto aliyelala. Unajua mtoto akilala anavyokuwa mzito? Hivyo."

Tulimpeleka zahanati, dada na mimi. Muuguzi alimpandisha kwenye mizani, akasoma, akamwambia atoe vitu mfukoni. Akatoa bisibisi yake na funguo. Muuguzi akasoma tena. Kilo mia moja thelathini na nane. Shemeji yangu alikuwa mtu wa kilo hamsini na nane, sitini akishiba. Wakaleta mizani nyingine, ikasema vilevile. Muuguzi akamtazama usoni, kisha akainua macho na kutazama juu ya bega lake, muda mrefu, kama mtu anayejaribu kumkumbuka mtu. Kwenye kadi hakuandika uzito. Alituambia mizani ni mbovu na akatuomba tutoke, wengine wanasubiri.

Usiniulize tulikokwenda baada ya hapo, kwa sababu tulikwenda kote. Walioomba waliomba, waliotoa dawa walitoa. Mganga mmoja hakuturuhusu kuvuka kizingiti chake. Alituhesabu kwa kidole akiwa ndani, akafika wanne, na sisi tulikuwa watatu.

"Nani alimwambia karibu?" aliuliza.

"Yeye mwenyewe," nilisema, kabla dada hajajua swali ni la nini.

"Basi ni mgeni wake. Jirani hafukuzi mgeni wa mtu." Akafunga mlango.

Dada aliona hapo ndipo penye njia. Kama ni mgeni, aagwe. Alimkalisha Bisibisi kitandani mchana, madirisha wazi, akamwambia amtamkie aondoke. Nilikuwepo. Bisibisi alisema kwa sauti ya heshima, maana hakujua kusema na mtu kwa namna nyingine. "Ndugu yangu, nimechoka. Naomba uende zako."

Tulisubiri. Godoro pembeni yake, mahali pasipokuwa na mtu, lilibonyea. Likabonyea tena, karibu yake zaidi.

Niliwapigia simu wale wazee kwa namba waliyoacha. Alipokea Mkunga. Nilimweleza yote, akasikiliza bila kunikatiza. Nikamuuliza tufanye nini.

"Kutoitikia ndiyo dawa pekee niliyokuwa nayo," alisema. "Ya baada ya hapo sijaambiwa na mtu." Nikasikia analia, kisha simu ikakatika. Nilipopiga tena haikupatikana, wala haikupatikana tena.

Siku moja dada alikwenda kuchota maji, nikabaki na Bisibisi. Alikuwa hawezi tena kuinua kichwa kwenye mto. Aliniashiria nisogee.

"Shemeji. Yule mama siku ile nilimwona yuko kaunta, anakunong'oneza. Alikwambia nini?"

Nilikuwa nimelijibu swali hilo kichwani mwangu kila siku kwa wiki sita. Nilikuwa na maneno yote.

"Alikuja kununua washa," nikasema.

Alinitazama. Akafumba macho, akatikisa kichwa kidogo kuonyesha amesikia. Sijui aliamini. Hakuniuliza tena.

Alifariki Alhamisi, saa nane mchana, watu wanapita nje wakicheka. Pumzi zilikuwa zinaingia kidogo na kidogo, kila moja fupi kuliko iliyopita, na kifua hakipandi. Dada alimshika mkono. Mimi nilikuwa nimeshika miguu yake na nilijaribu, nakwambia ukweli, nilijaribu kuvuta hewa iliyokuwa juu ya kifua chake, kama unavyovuta gunia lililomwangukia mtu. Mikono yangu haikushika kitu.

"Amenikalia," alisema Bisibisi. Halikufuata neno jingine.

Wanaume wanne waliokuja kumbeba walikuwa wamesikia habari za uzito wake, wakajiandaa, wakahesabu mpaka tatu. Nusura wamrushe juu. Alikuwa mwepesi kama alivyokuwa zamani, mlingoti mtupu. Mmoja wao alimwambia dada, kwa kumfariji, kwamba angalau marehemu amepumzika na mzigo. Dada akalia kwa shukrani. Mimi nilikuwa natazama chumba, nikijiuliza mzigo umewekwa wapi.

Baada ya msiba dada alitaka chumba kile kitengenezwe. Sakafu chini ya kitanda ilikuwa imepasuka, miguu ya kitanda imezama kwenye saruji. Tulitoa vitu vyote. Fundi wa ujenzi alivunja sakafu ya zamani, akamwaga mpya, akailainisha ikang'aa kama kioo. Dirisha lina nondo. Mlango niliufunga mimi mwenyewe saa kumi jioni, na ufunguo nikalala nao chini ya mto wangu, nyumbani kwangu.

Kesho yake saa tano asubuhi tulifungua, mimi, dada na yule fundi.

Hapakuwa na alama ya mtu kuingia. Hapakuwa na alama ya mtu kutembea. Katikati ya sakafu kulikuwa na nyayo mbili tu, za miguu mitupu, zimesimama sambamba, zimezama kina cha kidole kizima. Fundi alichuchumaa, akaingiza kidole, akakitoa haraka. Alisema atazifukia bila malipo, lakini siyo leo. Hajarudi.

Vidole vya zile nyayo vimeelekea ukutani. Nyuma ya ukuta huo ni chumba kidogo alichohamia dada yangu, na kitanda chake kimeegemea palepale.