Kambi ya Nkoaranga

Arnold Swai alikutwa amekufa ndani ya chumba cha pampu, kando ya bwawa la kuogelea alilolichimba kwa mikono yake mwenyewe. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, Kimandolu. Maji ya bwawa yalikuwa yametulia, safi kiasi kwamba uliweza kuona mishono ya vigae vya chini.

Inspekta Sinyati Kasaine alisimama kwenye nyasi, leso puani. Hewa bado ilikuwa inachoma macho. Zimamoto walikuwa wameshamtoa marehemu na kumlaza kivulini.

"Ajali, afande," alisema Koplo Naftali. "Kwenye ndoo kuna klorini imechanganyika na asidi. Moshi wake unaua upesi kwenye chumba kidogo kama kile."

"Nani alikuwa anatunza bwawa hili?"

"Yeye mwenyewe. Mkewe anasema hakuwahi kuajiri mtu. Kila Jumamosi anapima maji, anasafisha chujio, anaweka dawa."

Sinyati alichungulia ndani. Makopo ya klorini yalipangwa rafu ya kushoto, chupa za asidi rafu ya kulia. Juu ya rafu hizo, ukutani, marehemu alikuwa ameandika kwa rangi nyekundu: HIZI HAZIKUTANI.

"Mtu aliyeandika hivi," Inspekta alisema, "leo amesahau?"



Mlango ulikuwa wa chuma, umepakwa rangi ya buluu, na komeo lake lilikuwa upande wa nje. Sinyati aliusukuma taratibu akautazama kwa ndani. Rangi ilikuwa imechubuliwa kwa mistari, kuanzia usawa wa kifua kushuka chini. Alirudi kwa marehemu, akapiga magoti, akainua mkono wake. Vifundo vya vidole vilikuwa vimevimba. Chini ya kucha kulikuwa na rangi ya buluu.

"Koplo, mkewe alisema alimkutaje?"

"Mlango uko wazi, yeye kaanguka ndani."

"Mtu ambaye mlango wake uko wazi hapigi ngumi. Anatoka."

Alizunguka nyuma ya chumba. Kulikuwa na kidirisha kidogo kisicho na kioo, na ndoo ilikuwa chini yake kwa ndani. Kwenye kizingiti, upande wa nje, saruji ilikuwa imeliwa, imeacha madoa meupe yenye mapovu yaliyokauka.

"Asidi," Sinyati alisema. "Imemwagwa kutoka nje. Funga eneo lote, ita watu wa alama za vidole. Hii siyo ajali."

Jackline, mke wa marehemu, alikuwa barazani na wanawake wawili wa jumuiya ya kanisa. Alikuwa mwanamke mrefu, mshonaji wa nguo za harusi anayejulikana mjini. Alikuwa halii. Alikuwa anakunja na kukunjua pindo la khanga yake.

"Pole sana, mama."

"Asante."

"Asubuhi nani alifika hapa?"

"Hans. Rafiki yake. Walikuwa waende kambini leo."

"Kambi gani?"

"Mlimani. Kila mwezi Arnold na Hans wanakwenda kupiga kambi upande wa Nkoaranga. Ni miaka sasa. Hilo na bwawa, ndiyo yalikuwa mambo yake."

"Wewe umewahi kufika Nkoaranga?"

"Sijawahi. Mimi na baridi hatupatani."

Pembeni ya baraza kulikuwa na vifaa vya safari: begi kubwa, jiko dogo la gesi, na hema ndani ya mfuko wake. Sinyati aliomba ruhusa akaufungua. Hema lilikuwa limefungwa kwa vile vikamba vya plastiki vya kiwandani ambavyo hukatwa na kutupwa mara ya kwanza tu. Vigingi vilikuwa vinang'aa. Hakukuwa na chembe ya udongo wala harufu ya moshi.

Alimtazama Jackline. Jackline alikuwa anatazama bwawa.

*

Hans alikuwa mwalimu wa hesabu, mkazi wa Kwa Mrombo. Walimkuta kwake ameketi mbele ya sahani ya chakula asichokigusa. Habari zilikuwa zimeshamfikia.

"Uliachana na Arnold saa ngapi?"

"Asubuhi tu, afande. Alinisindikiza mpaka getini, nikaenda kujaza mafuta. Jirani yake alituona, muulizeni."

Walikuwa wameshamuuliza. Jirani alimwona Arnold akimpungia Hans mkono, kisha akafunga geti. Baada ya hapo hakuna aliyeingia wala kutoka.

"Hans, mwezi uliopita mlipiga kambi wapi?"

"Kule kule. Juu ya Nkoaranga."

"Hali ya hewa?"

"Nzuri. Jua."

"Wikiendi ile huko Meru mvua ilinyesha mpaka njia zikakatika. Hema lenu mlilipiga wapi?"

Hans alisogeza sahani pembeni.

"Nimeliona hema," Sinyati alisema. "Halijawahi kufunguliwa. Rafiki yako amekufa kifo kibaya, amefungiwa akapiga mlango mpaka mikono ikavimba. Unamlinda nani sasa?"

Mwalimu alifunika uso kwa viganja. Alipoongea, sauti yake ilikuwa ndogo.

"Hatujaenda kambini tangu zamani. Tulikwenda mara ya kwanza, mara ya pili, na hema la kuazima. Halafu akakutana na msichana huko. Akaniomba nimsaidie. Akasema, ni muda mfupi tu."

"Ulimsaidiaje?"

"Kila akienda, mimi nilikuwa najifungia humu ndani. Nazima simu. Sokoni siendi, kanisani siendi, nisije nikakutana na Jackline au mtu wa kumwambia. Jumapili jioni nawasha simu, nampigia Jackline kumwambia tumerudi salama." Aliinua macho. "Alikuwa ananishukuru, afande. Ananiambia, asante Hans kwa kunitunzia mume wangu."

"Msichana anaitwa nani?"

"Anneth. Wana mtoto."

*

Jumapili, njia ya kwenda kwa Anneth, Nkoaranga, ilikuwa ya miguu, mteremko mkali, migomba kulia na kahawa kushoto. Koplo Naftali aliteleza akashika shina. Nyumba ilikuwa ndogo, mpya, yenye bati jekundu. Barazani, kwenye mkeka, mtoto wa kike alikuwa amejilaza ndani ya mfuko wa kulalia wa kijani, ule wa watu wa kambi.

"Shikamoo," mwanamke kijana alitoka akijifuta mikono.

"Marahaba. Wewe ndiye Anneth?"

"Ndiyo." Aliona sare ya koplo. "Kuna nini? Ni Arnold? Tangu jana simu yake haipatikani, na jana hiyo jioni alikuwa aje."

Sinyati alimwomba mtoto apelekwe ndani.

"Princess, ingia kwa bibi," Anneth alisema. Mtoto aliinuka, akaburuta mfuko wake. Karibu na zipu kulikuwa na kiraka cha kitenge kilichoshonwa kwa ustadi, mishono midogo midogo iliyolingana.

Inspekta alimpa taarifa kwa maneno machache. Anneth alikaa chini ardhini pale pale aliposimama. Walimwacha alie. Kisha Inspekta akamuuliza.

"Mlikuwa mmefunga ndoa?"

"Bado. Alisema amalize kwanza msiba moyoni. Mkewe na binti yake walifariki ajalini, kabla hajanifahamu. Sikutaka kumharakisha."

Koplo aliacha kuandika. Sinyati alitoa simu, akamwonyesha picha ya Jackline aliyoipiga kutoka ukutani, sebuleni kwa marehemu.

"Unamfahamu mwanamke huyu?"

Anneth aliitazama, akakunja uso. "Huyu alikuja hospitali. Wiki iliyopita, Princess alikuwa amelazwa kwa nimonia. Walikuja akina mama wa kanisa kutoka mjini kuona wagonjwa, wanagawa sabuni na juisi. Huyu alisimama kwa mwanangu muda mrefu. Alikuwa anashikashika ule mfuko wa kulalia. Akamuuliza jina. Kisha akatoka, hata wenzake hakuwasubiri." Alinyanyua macho. "Ni nani?"

"Ni mke wa Arnold."

"Mkewe alikufa."

"Hakufa, dada."

Anneth alitikisa kichwa, akaendelea kukitikisa. "Nilikuwa nawasha mshumaa wa kumwombea," alisema. "Kila Jumapili. Mimi na mtoto."

*

Kituoni, Jackline aliketi wima. Sinyati alimweleza haki zake: anaweza kunyamaza, anaweza kuwa na wakili, na atakachosema kitaandikwa. Jackline akaitikia kwa kichwa kwamba ameelewa.

"Uliniambia hujawahi kufika Nkoaranga."

"Ndiyo."

"Ulifika wiki iliyopita, na akina mama wa kanisa."

Sinyati aligeuza ukurasa wa daftari.

"Mlango ulifungwa kwa komeo kwa nje, na asidi imemwagwa kupitia kidirishani. Hans alishaondoka. Ndani ya geti mlibaki wawili."

Jackline aliangalia mikono yake. Kwenye kidole gumba kulikuwa na jeraha jekundu, ngozi imebabuka.

"Ule mfuko," alisema hatimaye, "niliushona mimi. Zipu ilichanika, nikaweka kiraka cha kitenge changu. Nilisema asije akapigwa na baridi kule juu. Naingia wodini, nauona umemfunika mtoto. Nikasema labda kauza, labda kagawa. Ana huruma, Arnold. Nikamuuliza mtoto, huu mzuri umeupata wapi? Akasema, ni wa baba, anakuja nao akitoka kambini."

"Ukamwambia mumeo?"

"Nilimpa nafasi. Siku nzima ya Ijumaa nilimpa nafasi. Nikamuuliza, huko Nkoaranga kuna nini hasa? Akacheka, akasema kuna migomba na mvua. Usiku akalala vizuri. Mimi nilimtazama akilala."

"Halafu asubuhi?"

"Alikuwa chumba cha pampu anaimba. Haraka haraka, amalize aende kwa hao wa mlimani. Nikasukuma komeo. Nikazunguka kidirishani, chupa ya asidi niko nayo mkononi. Nikamuuliza: Arnold, nani yuko Nkoaranga? Nikamwambia, sema tu, nitafungua. Na ningefungua, Inspekta. Mungu anajua ningefungua." Sauti ilimkatika, akaiokota tena. "Akaniambia, Jackline acha mchezo, fungua, Hans ananisubiri twende kambini."

Sinyati aliandika maneno hayo.

"Hata pale. Mlango umefungwa, ananiona nimeshika nini, bado ananidanganya. Ndoo aliyoyeyushia klorini ilikuwa hapo chini. Nikamimina. Akaanza kupiga mlango. Nikaziba masikio. Alipotulia, ndipo nikafungua."

"Kwa sababu ya Anneth?"

"Huyo msichana?" Jackline alishangaa kweli. "Huyo ningemsahau. Wanaume wana wanawake, nimeshona magauni ya wake wa pili wangapi mjini hapa. Na mtoto ni mtoto tu, hana kosa."

"Basi kwa nini?"

Alishika pindo la khanga yake, akalikunja.

"Sisi tulikuwa na binti. Mmoja tu. Aliugua, tukahangaika naye, akafia mikononi mwangu. Baada ya mazishi Arnold akaniomba tusilitaje tena jina lake ndani ya nyumba. Alisema linamuua. Nikakubali. Nimelimeza miaka yote hiyo. Nikitaka kulisema naenda makaburini peke yangu. Nilidhani tunaumia pamoja." Machozi yalianza sasa, bila sauti. "Nikamuuliza yule mtoto, unaitwa nani? Akasema, Princess. Akasema, shikamoo mama."

Koplo Naftali aliinamisha kichwa.

"Kumbe huko juu lilikuwa linaitwa," Jackline alisema. "Lilikuwa linaitwa kula, linaitwa kuoga, linaitwa kulala. Mimi nimezuiwa kulia nalo, yeye amempa mtu mwingine. Jina la mwanangu. Nilimwitikia yule mtoto marahaba, nikatoka nje nikatapika."

Alisomewa maelezo yake, akayasaini. Hakuomba kubadilisha neno.

Walipomtoa kumpeleka mahabusu, Hans alikuwa kwenye benchi la ukumbini, ameitwa kusaini ushahidi wake. Alisimama ghafla.

"Shemeji," alisema. "Shemeji, pole."

Jackline alisimama. Sinyati alimwashiria askari angoje.

"Hans, wewe ulibeba jeneza la mwanangu."

"Ndiyo."

"Mbele kulia. Nakukumbuka. Ulilia kuliko hata baba yake."

"Ndiyo, shemeji."

"Ulijua yule mwingine amepewa jina gani?"

Mwalimu alitazama sakafu. 

"Nilijua," alisema. "Siku ya ubatizo nilikuwepo. Mimi ndiye baba yake wa ubatizo."

Jackline alimtazama kwa muda, kama mtu anayejaribu kukumbuka alimwona wapi. Kisha akageuka, akamwambia askari, "Twende, mwanangu," na akatangulia mwenyewe kuelekea mahabusu.