Jogoo Aliyepona

Cheka ukitaka, lakini jioni ile Zakia alitoka Mabatini mpaka Igogo kutafuta shubiri ya kumtibu jogoo. Ilikuwa wiki ile watu wanapaka nyumba chokaa kuusubiri uhuru, na yeye alikuwa na chokaa mpaka kwenye nyusi. Nyumbani alimwacha binti yake wa miaka saba, Mwanabaraka, amempakata jogoo huku analia.

"Mama, usipompa dawa atakufa."

Mtoto mwenyewe ndiye huyo huyo mmoja. Utamkatalia nini?

Alirudi na shubiri, akaja pia na Agutu, mama wa Kijaluo aliyewajua kuku kwa vidole na macho. Agutu akamfungua jogoo mdomo, akamnusa, akampapasa koo. Limevimba. Ndani, utando mweupe. Na kila akivuta pumzi... hiii... hiii...

"Mdondo siyo, shingo haijapinda," Agutu alisema. "Ndui ingemtoa vipele usoni. Dada, ugonjwa huu kwa kuku mimi sijauona."

Wakamtibu hivyo hivyo. Walimfuta utando kwa unyoya uliochovywa shubiri na chumvi, wakamlaza kwenye kapu karibu na moto. Siku ya tatu akadonoa mtama. Siku ya nne akawika, mtaa mzima ukasikia. Mwanabaraka akaruka kwa furaha, akashangilia, na katikati ya kushangilia akaanza kukohoa.

Jioni yake hakuweza kumeza hata uji.

Zakia alikaa kando ya kitanda, mkono kwenye koo la mwanawe. Limevimba.

Hiii... hiii...

Aliijua sauti ile.

Ndipo akasikia harufu ya ugoro. Nyumba ile ugoro alinusa mtu mmoja tu, mama mkwe wake, Bi Moza, na Bi Moza walikuwa wamemzika mwaka uliopita.

"Nani amekwambia umtibu jogoo?"

Sauti ilitoka mlangoni, nyuma yake. Zakia hakugeuka.

"Shikamoo, mama," alinong'ona. Mdomo ulisema wenyewe, kwa mazoea.

Marahaba haikuja.

Akakumbuka. Miaka miwili nyuma mtoto alibanwa koo hivi hivi. Bi Moza aliomba kifaranga, akajifungia naye chumbani, akamzungusha mara saba kichwani pa mjukuu wake, kisha akamwambia mtoto ampulizie kifaranga pumzi mdomoni. Asubuhi mtoto mzima. Bi Moza akasema: huyu asichinjwe, asiuzwe, na siku yake ikifika mwacheni aende nao. Aende na nini, Zakia hakuuliza. Alidhani bibi anapenda kuku tu, na kifaranga akakua akawa jogoo huyu.

"Alikuwa ameubeba," sauti ilisema. Ilikuwa inalia. "Alikuwa anaondoka nao, Zakia. Siku mbili tu zilibaki."

"Mrudishie jogoo! Mama, nakuomba, mrudishie..."

"Habebi mara mbili."

Akageuka. Hapakuwa na mtu. Kwenye kizingiti palikuwa na ugoro kidogo, bado mbichi.

Alimfunga mtoto mgongoni akakimbia naye hospitali, pekupeku. Kule walisema ni dondakoo, inapita kwa watoto, na kwamba amechelewa kuletwa. Huenda ni kweli. Alfajiri Mwanabaraka alikata roho, na Zakia alipiga ukelele ambao Agutu anasema haujamtoka masikioni hadi leo.

Baba mtu, Muhidin, alikuwa safarini na meli, Bukoba. Alikuta kaburi. Aliposimuliwa alichukua kisu akaenda uani. Zakia akamrukia mkono.

"Usimguse!"

"Amemuua mwanangu!"

"Mimi ndiye niliyemtibu, Muhidin. Kwa mikono yangu hii. Nichinje mimi basi."

Muhidin akakaa chini pale uani akalia kama mtoto.

Giza lilipoanza kuingia, jogoo alitoka bandani mwenyewe. Akapita katikati yao, akaingia ndani, akapanda kitanda cha Mwanabaraka. Hakujikunyata kama kuku. Alijilaza ubavu, kichwa kwenye mto, macho wazi, akimtazama Zakia.

Muhidin akarudi nyuma hadi ukutani. "Mke wangu... toka humo."

Zakia hakutoka. Akavuta shuka, akamfunika.